Mama wa kukulea kiimani: namna ya kumpata, kumwomba na kukaa naye (kutoka Tanga kwa upendo)

Habari zenu wapendwa. Hii ni ndefu kidogo mnivumilie, maana ni jambo liko moyoni mwangu muda mrefu, na kila nikikaa na wadada baada ya ibada swali linarudi lilelile: dada mi nampenda Yesu, semina naenda, mkesha naenda, kwaya naimba, ila nikirudi nyumbani niko palepale, hasira zilezile, maombi ya dakika 2 halafu usingizi, nifanyeje nikue? Na jibu langu siku zote ni moja, tafuta mama mmoja aliyekutangulia kwenye imani ukakae naye. Mmoja. Sio kwenye grupu la watu 200, sio kwenye mkutano wenye spika, ni nyumbani kwake au kwako, jikoni huko, mnaonana uso kwa uso.

Kwetu huku mwambao hili wala sio geni. Binti akivunja ungo anakuwa na somo wake, wengine wanasema kungwi, ndo anayemfunda usafi, heshima, kukaa na mume na wakwe, na somo huyo hamwachi siku ya harusi, hata akiwa na watoto wanne bado akikwama anakimbilia kwa somo. Bibi zetu waliliona hili mapema, kwamba mambo ya maisha mtu hafundwi kwa hotuba, anafundwa na mtu anayemjua. Sasa sisi Wakristo tumeagizwa jambo hilihili kabisa, Tito 2 mstari wa 3 mpaka wa 5, wazee wa kike wawafundishe wanawake vijana, lakini tumeliacha limekuwa kazi ya semina mara moja kwa mwaka, unapewa daftari na chai na andazi, unarudi nyumbani hakuna anayekujua hata jina.

Nianze na yaliyonikuta mimi. Niliolewa nikaletwa Tanga kutoka Korogwe, mimba ya kwanza ikaharibika ikiwa na miezi mitano. Kanisani sikumwambia mtu. Jumapili nasimama kwaya, sauti ya kwanza, naimba vizuri tu watu wanasema amina, ila nyumbani nilikuwa sijapiga goti miezi minane. Hakuna aliyejua, hata mume wangu alidhani nasali yeye akiwa kazini. Basi kuna mama mmoja tulikuwa naye kwaya, mtu mzima, anakaa Ngamiani kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, Jumamosi moja akanipigia akasema mwanangu kesho nina wageni, njoo unisaidie kuchagua mchele. Nikaenda. Tukakaa uani, kila mtu na ungo wake, tunatoa chuya na vijiwe, kimya kirefu tu, unasikia kuku na redio ya jirani. Halafu bila kuniangalia akaniuliza, "hivi mwanangu, ukitoa kwaya, mara ya mwisho umeongea na Mungu lini?" Nilitaka kudanganya, mdomo ukagoma, nikaanza kulia machozi yanadondokea kwenye mchele. Hakuhubiri. Siku ile hakunipa mstari hata mmoja. Alisogeza ungo wangu pembeni, akanishika mkono, mikono yetu yote miwili ina lile vumbi jeupe la mchele, akasema "na mimi nilizika wawili, nikamnunia Mungu mwaka mzima, Yeye hakuninunia."

Ndo ikawa nimempata, sikumtafuta, alinitafuta yeye. Ila wengi hatuna bahati ya kupigiwa simu, kwaiyo haya ninayoandika hapa ni kwa yule anayetakiwa kuanza mwenyewe. Mengine nimeyapata kwa mama huyo, mengine nimeyajua kwa kukosea.

HATUA YA 1: jua unakwenda kutafuta nini

Kabla hujamfikiria mtu yeyote, kaa na karatasi uandike kitu kimoja. "Nataka kukua kiroho" hilo sio jambo, ni kama kwenda sokoni Mgandini ukamwambia muuzaji nipe chakula. Andika hivi: sijui kusali nikiwa peke yangu. Au: kuna ndugu yangu nimeshindwa kumsamehe mwaka wa 3 huu. Au: nasoma Biblia sielewi naanzia wapi naishia wapi. Au: nimeolewa na mtu asiyesali, nachoka kwenda kanisani peke yangu na watoto. Kimoja tu. Hicho ndo utakachomwambia mama siku ya kwanza, na hicho ndo kitakachokuonyesha ni mama yupi wa kumwendea, maana mama anayejua kufunga na kuomba anaweza asiwe ndo yule anayejua kuishi na mume asiyeokoka, huyo wa pili labda ni mama mmoja kimya wa benchi la nyuma ambaye hata hujawahi kumsalimia vizuri.

HATUA YA 2: muangalie kabla hujamwomba

Hapa nisikilizeni wadada. Tusichague kwa sauti. Mama anayeomba kwa sauti kubwa kuliko wote anaweza kuwa mtu wa Mungu kweli, na anaweza asiwe, sauti haikwambii. Muangalie mambo mengine. Muangalie anavyoongea na dada wa kazi. Muangalie kwenye msiba yuko wapi, yuko mbele kwenye mkeka anaonekana au yuko nyuma kwenye masufuria anamenya vitunguu na anaondoka wa mwisho. Muangalie akikosewa kwenye kikao cha akina mama anafanyaje, ananuna mwezi mzima au wiki ijayo kashaongea na aliyemkosea. Na la muhimu kuliko yote, kaa naye mara mbili tatu kawaida tu usikie anaongea nini, kama ndani ya nusu saa ameshakupa habari za ndoa ya fulani na mtoto wa fulani, mshukuru kwa chai uage, maana na zako zitapewa anayefuata.

Umri sio lazima awe bibi. Elisabeti alikuwa mzee na Mariamu binti mdogo, ni kweli, lakini kama una 24 na mwenzio ana 35 na amepita ulipo wewe, anatosha. Awe mwanamke lakini. Kuna wadada wanasema mchungaji ndo mlezi wangu, sawa mchungaji ni wa kondoo wote, ila hizi habari za ndani kabisa, za mwili, za chumbani, za mimba, kukaa kila wiki peke yako na mwanaume asiye wako hata kama ni mtumishi, hapana, mnajitafutia majaribu na kanisa zima mnalitafutia maneno.

Pa kumtafutia: jumuiya yenu ya mtaani, kwaya, kama ni Mkatoliki wako WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), kwa Waanglikana na Walutheri kuna umoja wa akina mama kila parokia na usharika. Na hata nje ya dhehebu lako inawezekana. Mi ni Muanglikana, ukoo wetu ukifuatilia unaishia kwenye misheni ya Magila kule Muheza, na mama aliyenilea wazazi wake ni Walutheri wa huko juu milimani Usambara, yeye alikuja kwetu kwa ndoa, na dada yake ambaye nae nilijifunza kwake sana bado ni Mlutheri mpaka leo. Hakuna aliyemvuta mwenzie. Ile Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tatu, siku ya maombi ya wanawake duniani, madhehebu yanapokutana, kaa ukiwa na macho, wengi wamewaona walezi wao siku kama hiyo.

HATUA YA 3: nenda ukamwombe, kwa miguu yako

Usimtumie meseji. Najua simu ni rahisi, ila jambo hili lina uzito, nenda kwake upige hodi. Usiende mikono mitupu, sisemi ubebe zawadi ya kumtisha, mfuko wa machungwa ya Muheza unatosha kabisa, au nazi mbili. Muamkie vizuri, shikamoo mama, kaa, kunywa maji, ongeeni mengine kwanza. Halafu mwambie, na unaweza kusema maneno haya haya kama yako yanagoma:

"Mama, nimekuja na ombi. Kuna jambo kwenye imani yangu limenishinda, nalo ni hili (litaje). Nimekuangalia muda nikaona wewe Mungu amekuvusha hapo. Naomba kama una nafasi nije nikae na wewe mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, unifundishe. Usinijibu leo, ombea, nitarudi Jumamosi ijayo."

Hiyo ya usinijibu leo ni muhimu. Mtu mzima ukimbana palepale atakubali kwa aibu halafu atakuwa anakukwepa, na huko sio kulea. Akikataa usinune, usiende kumsema, labda ana mgonjwa ndani hujui, labda na yeye yuko kwenye kiza chake. Muombe akuelekeze kwa mwingine.

Na akina mama mnaosoma hapa, mnaoombwa mkasema mimi sijui kitu, mimi sikusoma. Kuna mama mmoja wa Uingereza, Mary Sumner, mke wa mchungaji, mwaka 1876 binti yake alipojifungua mtoto wa kwanza akakumbuka yeye mwenyewe alivyohangaika na uzazi akiwa kijana, akaamua kuwaita akina mama wa parokia yake wakae washikane mikono, wenye nacho na wasio nacho. Siku yenyewe wamekuja, wamejaa, yeye hofu ikamshika kaomba warudi wiki inayofuata. Wakarudi, akaongea. Ndo mwanzo wa Mothers' Union, umoja wa akina mama wa Kianglikana, hawa akina mama tunaowaona mpaka kwenye makanisa yetu ya vijijini huku. Kwaiyo mama ukiogopa, waambie warudi wiki ijayo, lakini wiki ijayo uwepo.

HATUA YA 4: kubalianeni mapema, kabla ya neno lolote

Hapa ndo wengi wanaruka halafu inakuja kuwa shida. Siku ya kwanza msifungue Biblia, kubalianeni haya.

Mtakutana lini na saa ngapi. Tanga hapa saa tunaihesabu kwa adhana, hata sisi Wakristo, ukisema "baada ya laasiri" kila mtu anajua, watoto wametoka shule, jua limepungua, chakula cha jioni bado. Ila muda mzuri ni ule ambao nyote mko huru kweli. Kama mama ana majirani na ndugu Waislamu wanaoingia na kutoka, na Tanga nyumba nyingi ndivyo zilivyo, hakuna tatizo, mnakaa kwa heshima, sauti ya kawaida, mgeni akiingia mnamkaribisha chai mnaendelea baadaye, jirani ni jirani.

Mtakaa mpaka lini. Mi napenda miezi 3, na sikuitunga, Luka 1 mstari wa 56 Mariamu alikaa na Elisabeti kadiri ya miezi mitatu halafu akarudi kwao. Ikiwa na mwisho hakuna anayeogopa kuanza. Mkifika mwisho mkaona bado, mnaongeza.

Pesa. Hapa nasema kwa nguvu zote: mlezi na anayelelewa wasikopeshane. Msidhaminiane vikoba, msishikiane dhamana kwenye hii mikopo ya kausha damu, msiuziane vitenge kwa mali kauli. Marejesho yakichelewa wiki mbili tu, yule binti hataki tena kuja kwa mama, anapitia njia ya nyuma, na maombi yamekufa hivyohivyo. Nimeshuhudia. Mwenzio akiwa na njaa mpe unga, mpe, usimkopeshe.

Simu. Meseji na voisi za WhatsApp ni za kukumbushana na kuombeana katikati ya wiki, sio za kueleza siri. Simu zinashikwa na watoto, zinashikwa na waume, zinaibiwa kwenye daladala.

Na mume ajue unakokwenda. Hana haja ya kujua mnachoongea, ila ajue ni kwa nani na unarudi saa ngapi, vinginevyo shetani anapata mlango bure kabisa.

HATUA YA 5: kukaa kwenyewe

Sasa mimi kuna binti ninayemlea, ana miaka 23, ana mtoto mmoja, na amenikubalia niandike hii. Anauza vitumbua. Tulijaribu kukutana jioni wiki mbili tukashindwa, jioni yeye amechoka anasinzia mimi nasoma. Nikamuuliza wewe umetulia saa ngapi? Akasema saa 10 alfajiri, unga ukishasagwa ukawekwa kuumuka, hapo sina kazi mpaka uumuke. Basi huo ndo ukawa muda wetu, ni nyumba ya tatu kutoka kwangu, navuka na tochi. Mchele kaloweka jana yake, kausaga na tui, katia hamira na iliki, kafunika ndoo na kanga, na wakati unga unaumuka sisi tuko kwenye vigoda na Biblia na taa ya sola, harufu ya iliki chumba kizima. Adhana ya alfajiri ikianza ndo saa yetu ya kumalizia, tunashikana mikono tunaomba, akifunua ile kanga unga umepanda una mapovu, anawasha jiko, anaweka chuma cha vitumbua, kila shimo tone la mafuta, na mimi nasaidia kugeuza na ile njiti mpaka watoto wangu waamke. Akimaliza anafunga ndoo kwenye baiskeli huyoo. Nawaambieni hajawahi kukosa hata siku moja, na sio kwamba ana bidii kuliko wengine, ni kwamba tuliweka neno kwenye nafasi ambayo tayari ilikuwepo kwenye siku yake. Na wewe tafuta unga wako unaumuka saa ngapi. Labda ni kuchambua mchicha, labda ni kusuka nywele, labda ni ule muda wa kusubiri mtoto kliniki.

Mnafanya nini hasa? Vitu vinne tu, kwenye saa moja. Kwanza habari, na sio "nzuri tu", muulize wiki hii ilikuwaje pale tulipoombea. Pili neno, mnasoma sura moja kwa sauti, mnapokezana mistari. Tatu swali moja, mimi nauliza hilihili kila siku: hapa kuna nini cha kufanya kabla hatujaonana tena? Anachagua kitu kimoja kidogo, kwa mfano kumpigia dada yake waliyegombana, au kuamka dakika 10 mapema. Nne maombi, na yeye aombe, sio mama tu, hata kama ni sentensi moja, hata kama ni kwa Kisambaa au Kidigo, lugha aliyonyonyea.

Mpangilio wa kusoma kwa wale wanaouliza tusome nini, miezi mitatu ni wiki 12. Anzeni na Ruthu, ina sura 4, ni wiki 4. Someni polepole. Wengi tunamsifia Ruthu, ila mwangalieni na Naomi, sura ya 1 mstari wa 20 anasema msiniite Naomi, niiteni Mara, yaani mama mlezi mwenyewe ana uchungu, anasema hadharani, na bado Mungu anamtumia kumlea mkwewe mpaka mwisho. Binti yangu huyu aliposikia hapo alinyamaza muda, akasema kumbe hata mkubwa anaruhusiwa kusema inauma. Halafu Wafilipi, nayo sura 4, wiki 4 nyingine. Halafu Zaburi nne, 23, 51, 121 na 139, moja kila wiki, na hizo msizisome tu, kila mmoja aandike ya kwake kwa maneno yake kwenye daftari. Kama kusoma kunampa shida, mama asome, yeye asikilize na aeleze alichosikia, kuna watu hawajui kusoma na wana kumbukumbu ya neno kuliko sisi wenye miwani.

HATUA YA 6: siri

Nina uchungu na hili kwaiyo mnisamehe nikirefusha. Miaka ya nyuma tulikuwa na kikundi chetu cha akina mama, binti mmoja akajieleza habari za ndoa yake, akaomba tumwombee. Ilikuwa Jumapili. Jumatano habari imeshafika kwa mama mkwe wake, na maneno yameongezwa chumvi. Nilifuatilia nikagundua hakuna aliyekaa kusengenya, yaani hata mmoja, kila aliyesema alisema "jamani tumwombee fulani, ana hali hii na hii". Umbea ulivaa kitenge cha maombi. Yule binti hakurudi kanisani muda mrefu sana, na mimi ni mmoja wa waliokuwa wamekaa pale, nilimtajia mtu mmoja tu, nikidhani namsaidia. Nilikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake, alinisamehe, ila hakunieleza tena jambo lolote la ndani, na sikumlaumu.

Kwaiyo sheria yetu ni hii: ukitaka mwenzio aombewe na wengine, muulize yeye kwanza, na yeye achague maneno. Akisema hapana, unamwombea wewe peke yako, Mungu anasikia hata mmoja. Hata kwa mume wako usiseme. Hata kwa mama mchungaji usiseme.

Isipokuwa moja tu, pale uhai unapokuwa hatarini. Mwanamke anapigwa, mtoto anaharibiwa, mtu anasema nataka kufa, hapo siri ya kunyamaza inageuka kuwa dhambi. Akina mama walezi nawasihi mbele za Mungu, usimrudishe mtu kwenye kipigo kwa mstari wa kuvumilia. Mtoe kwanza awe salama, atibiwe, msindikize polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, usimwache aende peke yake, na kwa mambo ya mtoto kuna namba 116 inapigwa bure. Na mzazi aliyejifungua akawa halali, hali, anamwangalia mtoto kama hamjui, huyo usimfungie ndani afunge na kuomba, mpeleke hospitali na uombe mkiwa njiani, daktari na maombi havijawahi kugombana.

HATUA YA 7: kwa wewe unayelea

Wewe sio Roho Mtakatifu. Usimchagulie mchumba, usimwambie Mungu kanionyesha uache kazi, usimfanye awe anakufulia na kukupikia. Akikuuliza jambo hujui sema sijui, twende tukamuulize mwalimu wa Biblia au mchungaji. Na usijifanye hujawahi kuanguka, mimi kilichonifungua sio ushindi wa yule mama, ni pale aliposema alimnunia Mungu mwaka mzima. Mpe na yeye kidonda chako kimoja, kilichopona, sio kile kinachotoka damu, hicho kipeleke kwa mlezi wako wewe, maana na wewe unatakiwa uwe na wako hata kama una miaka 60. Na sikiliza zaidi ya unavyosema. Mimi bado nashindwa hapo, nina mdomo mwepesi, siku nyingine naushika ule mwiko wa unga ili mikono iwe na kazi na mdomo utulie.

HATUA YA 8: mkikwazana

Mtakwazana. Wafilipi 4 mstari wa 2 na wa 3 kuna wanawake wawili, Euodia na Sintike, Paulo anasema waliishindania Injili pamoja naye bega kwa bega, na bado waligombana mpaka ikabidi barua isomwe na majina yao ndani. Msisubiri yafike huko. Aliyekwazika aende ndani ya wiki moja, aseme "mama lile neno liliniumiza" kwa adabu, na mama akikosea aombe radhi kwa mdomo, sio kwa kutuma sahani ya pilau. Ikishindikana muiteni mmoja mnayemheshimu nyote akae kati. Na kama mnaona hamuendani tu, aganeni vizuri mkiombeana, sio dhambi.

HATUA YA 9: miezi mitatu ikiisha

Chukueni lile karatasi la hatua ya 1, mlisome pamoja, mseme ukweli kimebadilika au bado. Halafu yule aliyelelewa amtafute wa kwake, mapema kabisa, asisubiri akamilike. 2 Timotheo 1:5 imani ilianza kwa bibi Loisi, ikaja kwa mama Eunike, ndo ikafika kwa Timotheo, na hakuna sehemu inasema Eunike alisubiri awe mtakatifu kwanza.

Wiki iliyopita nilivuka na tochi yangu kama kawaida nikakuta vigoda vitatu. Binti yangu amemleta msichana wa miaka 17 anayemsaidia kukuna nazi, anasema huyu naye anataka kusikia Ruthu. Tulisoma sura ya 1 watatu, yule mdogo mbuzi ya nazi iko katikati ya magoti yake, hataki kuacha kukuna lakini anasikiliza. Tulipomaliza nikamwambia binti yangu pembeni, usimlete tena kwangu, huyu ni wako, mi nitakuja Jumamosi, wewe kaa naye Jumatano unga ukiwa unaumuka. Akaniambia dada mi naogopa, mi najua nini mimi. Nikamwambia mwambie arudi wiki ijayo, ila uwepo.